Nafuu ya Sheria na Mto Tame: Birmingham na Majitaka Yake tangu 1851

Historia ya usafi wa miji kwa kawaida huandikwa kama historia ya mifereji, mabomba na mitambo, na sheria za kuzuia uchafuzi wa mito husimuliwa kana kwamba zilianza kufanya kazi siku zilipotiwa saini. Lakini mwenendo wa mji wa Birmingham, ulio katikati ya Uingereza, unaonyesha kwamba kilichoamua hali ya mto kwa muda mrefu zaidi hakikuwa katazo lenyewe bali nafuu iliyoambatana nalo. Nafuu, kwa maana inayotumika hapa, ni ruhusa ambayo mahakama, waziri au mamlaka ya usimamizi humpa mmiliki wa mtambo wa majitaka ili aendelee kumwaga mtoni maji yasiyofikia kiwango kilichowekwa, ama kwa kuongezewa muda, ama kwa kulegezewa kiwango chenyewe. Aina hizi mbili hufanana machoni pa mwenye mtambo, kwa kuwa zote humwepusha na adhabu, lakini kwa mto na kwa watu wanaoishi chini ya mkondo matokeo yake hayafanani hata kidogo.

Ugumu wa Birmingham ulianzia katika mahali ulipojengwa. Mji huo haukukua kando ya mto mkubwa, wala hauko karibu na bahari. Uko kwenye ardhi ya juu, karibu na vyanzo vya vijito, na mto wake wa ndani, Rea, huingia katika mto Tame, ambao nao ni mdogo na hupita vijijini na katika mji wa Tamworth kabla ya kujiunga na mto Trent. Mwaka 1851, mji ukiwa na wakazi zaidi ya 230,000, halmashauri ilipewa na Bunge mamlaka kamili juu ya mitaa na mifereji, ikaanza kujenga mfumo wa kukusanya majitaka na kuyapeleka Saltley, mahali Rea na Tame inapokutana, ambako yalimwagwa mtoni kama yalivyo. Nia ilikuwa njema, kwa sababu mashimo ya vinyesi yaliyojaa katika nyua za wafanyakazi yalikuwa chanzo cha maradhi. Hata hivyo uchafu uliotolewa katika nyua elfu kadhaa haukutoweka, bali ulikusanywa na kuwekwa katika mto mmoja usio na maji ya kutosha kuuchukua.

Chini ya mkondo, katika jumba la Hams, aliishi Charles Adderley, mbunge na mmiliki wa ardhi kubwa, ambaye si haki kumchora kama adui wa mji, kwa maana yeye ndiye aliyewapa wakazi wa Birmingham bustani ya umma iliyofunguliwa mwaka 1856, na baadaye aliongoza tume ya kifalme iliyochunguza sheria za afya nchini mwake. Malalamiko yake yalikuwa kwamba samaki walikufa, ng'ombe walikataa maji na harufu ilifika nyumbani. Mwaka 1858 kesi ilifunguliwa kwa jina la Mwanasheria Mkuu, kwa ombi la Adderley, dhidi ya halmashauri ya Birmingham. Halmashauri ilijitetea kwa hoja ambayo imerudiwa na wamiliki wa mitambo ya majitaka tangu wakati huo hadi leo: kwamba afya ya watu robo milioni haiwezi kuwekwa rehani kwa ajili ya mtu mmoja, na kwamba mifereji ikifungwa mji utaangamia. Jaji William Page Wood aliikataa hoja hiyo, akashikilia kwamba idadi ya watu wanaonufaika na kitendo haramu haikifanyi kuwa halali, na kwamba kama mji unahitaji haki ya kuharibu mali ya mwingine, basi uiombe Bungeni. Akatoa zuio, yaani amri ya mahakama inayomkataza mtu kuendelea na kitendo fulani.

Hapo ndipo nafuu ya kwanza ilipozaliwa. Mahakama ilijua vizuri kwamba majitaka ya mji hayasimami kwa sababu jaji ameyaamuru yasimame, kwa hiyo utekelezaji wa zuio uliahirishwa ili mji upate muda wa kujenga, na muda huo ukaongezwa tena na tena katika miaka iliyofuata. Mtu anayesoma mwenendo huu kwa haraka anaweza kudhani kwamba Adderley alishinda karatasi tu. Ukweli ni tofauti, kwa sababu kila muda ulioongezwa ulikuwa na mwisho, na kila mwisho ulipofika halmashauri ililazimika kurudi mbele ya jaji na kueleza ilichofanya, huku ikikabiliwa na uwezekano wa mali zake kutwaliwa kwa amri ya mahakama. Chini ya shinikizo hilo mji ulijenga Saltley mabwawa ya kutuamisha, ambamo majitaka hukaa yakiwa yametulia ili uchafu mzito uzame, ukajaribu kutia chokaa ili kuharakisha kuzama huko, kisha ukaanza kutafuta ardhi ya kumwagilia majitaka ili udongo uyachuje. Mwaka 1872 muswada wa kupata ardhi zaidi kwa kazi hiyo ulikwama Bungeni baada ya wamiliki wa ardhi kuupinga, Adderley akiwa miongoni mwao, na hapo lawama inamfikia yeye pia, kwa kuwa aliyedai mto usafishwe alisaidia kuuzuia mji kupata mahali pa kusafishia.

Mzigo wa mvutano huo uliwaangukia maskini. Kwa kuwa halmashauri ilishindwa kusafisha majitaka ya kutosha, iliamua katika miaka ya 1870 kupunguza vinyesi vinavyoingia mferejini, ikasambaza vyoo vya ndoo katika nyua za nyumba za wafanyakazi, ndoo ambazo zilikusanywa kwa mikono na kubebwa kwa mikokoteni. Matajiri waliokuwa na vyoo vya kuvuta maji waliendelea kuvitumia. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaokumbuka vyoo vya ndoo katika miji ya kikoloni watatambua mpangilio huo, na inafaa isisitizwe kwamba gharama ya kutimiza au kutotimiza sheria ya mto haikuwahi kugawanywa sawasawa, si Birmingham wala kwingineko.

Suluhisho la kudumu zaidi lilikuja mwaka 1877, pale mji na wilaya zilizouzunguka zilipounganishwa katika Bodi ya Majitaka ya Birmingham, Tame na Rea. Bodi hiyo ilikuwa na uwezo ambao halmashauri moja haikuwa nao, yaani kutoza kodi juu ya bonde zima na kununua ardhi nje ya mpaka wa mji. Mashamba ya majitaka yalienea kuelekea chini ya mto, na mwanzoni mwa karne ya 20, chini ya mhandisi John D. Watson, yalianza kubadilishwa kwa machujio ya bakteria, ambayo ni vitanda vya mawe ambamo majitaka hunyunyiziwa ili viumbe wadogo walioshikamana na mawe wale uchafu uliomo. Mtambo wa Minworth, uliokua kutokana na kazi hizo, leo hushughulikia majitaka ya watu zaidi ya milioni 1.5.

Wakati huohuo Bunge lilikuwa limeigeuza nafuu ya mahakama kuwa nafuu ya sheria. Sheria ya Kuzuia Uchafuzi wa Mito ya 1876 ilikataza kumwaga majitaka mtoni, lakini ilimkinga anayetumia mfereji uliokuwapo tayari, alimradi athibitishe kwamba anatumia njia bora inayowezekana na inayopatikana ili kuyafanya majitaka yasiwe na madhara. Tena iliiruhusu Bodi ya Serikali za Mitaa, idara iliyosimamia halmashauri, kutamka baada ya uchunguzi kwamba katazo halitauhusu mji fulani kwa kipindi fulani. Tofauti na nafuu ya mahakama ilikuwa kubwa. Mbele ya jaji, mlalamikaji alikuwapo na kumbukumbu ya madhara yake ilisomwa; mbele ya idara ya serikali, mji ulizungumza na serikali, na mtu wa chini ya mkondo alikuwa mgeni katika mazungumzo hayo.

Mwaka 1898 iliundwa Tume ya Kifalme ya Uondoaji wa Majitaka, ambayo ilifanya kazi hadi 1915, na ripoti yake ya nane, ya 1912, iliipa nafuu msingi wa hesabu. Tume ilipima uchafu kwa njia mbili. Ya kwanza ni yabisi zilizomo majini bila kuyeyuka. Ya pili ni mahitaji ya oksijeni ya kibiolojia, yaani kiasi cha oksijeni ambacho bakteria hutumia wanapokula uchafu uliomo katika lita moja ya maji kwa muda wa siku 5, kipimo chenye maana kubwa kwa mto kwa sababu oksijeni ikiisha samaki hufa na maji huoza. Iliamua kwamba maji yanayotoka mtamboni yasizidi miligramu 30 za yabisi na 20 za mahitaji ya oksijeni kwa lita, lakini kwa sharti kwamba mto unayapokea kwa ujazo usiopungua mara 8 wa maji safi. Hesabu yake ni wazi: juzuu 8 za maji ya mto yenye kipimo cha 2, zikichanganywa na juzuu 1 ya maji ya mtambo yenye 20, hutoa mchanganyiko wenye 4, na tume iliona kwamba mto ukivuka 4 huanza kuonyesha dalili za kuchafuka. Mto mkubwa ungeweza kuruhusiwa kupokea maji machafu zaidi, na ule uliozidi majitaka mara 500 ulihesabiwa kuwa hauhitaji usafishaji ila kuondoa takataka ngumu.

Vipimo hivyo viwili vilisafiri mbali kuliko sharti lake. Kanuni za ubora wa maji za Kenya za 2006 na zile za Tanzania zilizofuata hupima mahitaji ya oksijeni kwa siku 5 hizohizo, na zote zimeweka ukomo wa miligramu 30 kwa lita. Lakini swali la mara 8 halikusafiri kwa nguvu ileile, ingawa katika bonde la mto Nairobi, unaopokea maji kutoka mitambo ya Kariobangi na Dandora, au mto Msimbazi, unaopokea ya mabwawa ya Vingunguti, kiangazi hupunguza maji ya mto kiasi ambacho tume ile haikulazimika kukifikiria. Hata Tame wenyewe haukuwahi kulitimiza sharti hilo kwa raha, kwa maana siku za ukame sehemu kubwa ya maji yake ni yale yaliyotoka mitamboni.

Huko Uingereza, karne ya 20 ilileta vibali, yaani hati zinazotaja kwa kila mtambo ni kiasi gani na cha ubora gani kinaweza kumwagwa. Sheria ya 1951 ilivianzisha kwa wamwagaji wapya, na ya 1961 ikavieneza kwa wa zamani, lakini hii ya pili pia iliifanya kuwa kosa kutangaza taarifa za sampuli na vibali bila idhini. Siri hiyo ilidhuru mito kuliko ulegevu wowote wa kiwango, kwa kuwa nafuu isiyojulikana haiwezi kuhojiwa na mtu yeyote. Mwaka 1974 mambo yalizidi kuchanganyika pale mamlaka 10 za maji za kanda zilipokabidhiwa mitambo ya majitaka pamoja na kazi ya kusimamia mito, zikawa mchezaji na mwamuzi katika uwanja mmoja.

Sheria ya mwaka huohuo wa 1974 iliahidi rejista za wazi, lakini zilicheleweshwa hadi katikati ya miaka ya 1980. Katika kipindi hicho cha kusubiri vibali vilipitiwa upya, na vya mitambo mingi vilivyokuwa vikivunjwa vililegezwa ili vilingane na maji ambayo mitambo hiyo ilikuwa ikitoa tayari. Kabla ya mamlaka hizo kuuzwa kwa wawekezaji mwaka 1989, mamia ya mitambo ilipewa tena vibali vya muda vilivyolegezwa, ili wanunuzi wasirithi mashitaka. Utetezi uliotolewa ulikuwa kwamba haina maana kushikilia masharti yasiyotimizika, na kwa mhandisi aliyenyimwa fedha za ukarabati hoja hiyo ina uzito. Lakini kosa lilihesabiwa kuwa limerekebishwa bila tone moja la maji kusafishwa zaidi. Tame unatoa ushahidi: mwaka 1980, huko Lea Marston, karibu kabisa na mahali jumba la Adderley lilipokuwa, mto mzima ulipitishwa katika maziwa ya kutuamisha tope, kana kwamba mto wenyewe umekuwa majitaka.

Nafuu ya karibuni inayostahili kutajwa ilitolewa Septemba 2021, pale uhaba wa madereva wa malori ulipotishia kuzifanya kampuni za maji zikose feriki salfeti, chumvi ya chuma inayotumika kuondoa fosforasi katika majitaka. Mamlaka ya Mazingira ya Uingereza ilitamka kwamba haitachukua hatua dhidi ya kampuni itakayomwaga maji yasiyotimiza kibali kwa sababu hiyo, mradi ipate kwanza ridhaa yake, na muda wa tamko hilo ukawekwa kuishia 31 Desemba 2021. Tamko lilichapishwa, lilipingwa hadharani na watetezi wa mito, na kila mtu alijua lingekoma lini.

Kwa hiyo nafuu ya 1858 na ile ya 2021, zilizo mbali sana kwa wakati, zina undugu ambao nafuu za miaka ya 1970 na 1980 hazina: zote mbili zilikubali kwamba kosa ni kosa, zikaweka tarehe, na zikajulikana kwa walioathirika. Mamlaka za mazingira za Nairobi na Dar es Salaam zinapoombwa kuuvumilia mtambo ulioelemewa, na zitaombwa kwa sababu miji inakua kuliko mitambo, hazina sababu ya kutoa nafuu isiyo na tarehe wala ya kuiweka kabatini; ziichapishe, zitaje ujazo wa mto wakati wa kiangazi, na ziwaite watu wa chini ya mkondo wasikilizwe kabla saini haijawekwa.