Mwaka wa Ziada: Jinsi Wanamichezo wa Marekani Walivyofikia Kurudia Darasa la Nane

Katika majimbo ya mashariki mwa Marekani, kama Maryland na New Jersey, si ajabu kumkuta kijana aliyefaulu vizuri darasa la nane akilisoma darasa hilohilo mwaka unaofuata. Hakufeli. Wazazi wake wamemhamishia shule ya kulipia, au wamemkalisha nyumbani na kumsomesha wenyewe, ili atakapoingia darasa la tisa awe amerefuka, amejaza kifua na ana kasi kuliko wale atakaocheza nao. Kocha wa chuo kikuu anayesaka vipaji huwapanga vijana kwa mwaka watakaomaliza sekondari. Umri huja baadaye, pengine usije kabisa.

Msomaji wa Kenya hatashangaa sana. Katika miaka ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulioanza 1985 na kufanywa mara ya mwisho 2023, watoto wengi walirudia darasa la nane ili wapate alama za kuwaingiza shule za kitaifa. Lakini mtoto yule alikuwa anatafuta alama. Huyu wa Marekani alama anazo. Anachosubiri ni misuli na urefu.

Desturi hii ilianzia vyuoni, kwa watu wazima. Mwaka 1937, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Nebraska, Warren Alfson, aliomba afanye mazoezi na timu msimu mzima bila kucheza mechi, ili asipoteze mwaka wake wa ushindani kabla hajawa tayari. Inasimuliwa kwamba mazoezini alivaa fulana nyekundu isiyo na namba, na hadi leo mchezaji anayewekwa akiba kwa mwaka huitwa kwa fulana hiyo. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, hatimaye kiliukubali utaratibu huo rasmi: mwanafunzi ana miaka mitano ya kucheza misimu minne, na saa huanza kuhesabu siku anapojiandikisha chuoni. Yote yaliyofuata yamejengwa juu ya kifungu hicho kidogo. Kama saa huanza chuoni, mwaka ulioongezwa kabla ya chuo hauhesabiwi.

Shule za bweni za kaskazini mashariki na za Virginia zililitambua hilo mapema. Zilikuwa na mwaka wa ziada kwa waliokwisha kumaliza sekondari, na wanamichezo wakaujaza. Fork Union, shule ya kijeshi huko Virginia, ilimpokea Vinny Testaverde, kisha Eddie George. Wote wawili walikuja kutwaa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, mmoja mwaka 1986 na mwingine 1995. Wazazi waliona matokeo hayo, na walijua kuyasoma.

Wakati huohuo makocha wa riadha walikuwa wamepata njia nyingine ya kujaza timu kwa watu waliokomaa, na hapa historia hii inatugusa sisi moja kwa moja. Henry Rono wa Kenya, aliyezaliwa 1952, aliposomea Chuo Kikuu cha Washington State alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81 za mwaka 1978. Suleiman Nyambui wa Tanzania alikuwa na miaka 27 mwaka 1980 alipotwaa medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow, na mwaka huohuo akawa bingwa wa mbio za nyika za vyuo akivaa jezi ya Chuo Kikuu cha Texas-El Paso. Wanariadha hawa hawakumdanganya mtu. Walikuwa wamefika chuoni kwa kuchelewa, kama walivyochelewa maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki ambao shule iliwafikia wakiwa wakubwa. Manung'uniko yalikuwa makali hata hivyo, na NCAA ikaweka kanuni kwamba mashindano rasmi baada ya kutimiza miaka 20 yatakata msimu wa mchezaji. Wageni ndio waliokuwa akilini mwa wengi, lakini kanuni ikamnasa pia Mmarekani wa Chuo Kikuu cha La Salle aliyekuwa amesoma mwaka wa ziada kwenye shule ya maandalizi. Alikwenda mahakamani, na mwaka 1984 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaiacha kanuni isimame.

Hata hivyo, katika manung'uniko hayo naona kipimo kisicho sawa. Mwafrika wa miaka 27 alionekana tishio kwa haki ya mchezo. Mtoto wa tajiri aliyenunuliwa mwaka mmoja wa shule ya bweni alionekana ameandaliwa vizuri.

Mwaka 1986 masharti ya kitaaluma ya NCAA yaliyopitishwa miaka mitatu nyuma yakaanza kufanya kazi: mchezaji wa mwaka wa kwanza alihitaji wastani wa alama 2.0 katika masomo 11 ya msingi, na alama 700 za SAT, mtihani wa kuingilia chuo. Waliokosa walikimbilia mwaka wa ziada. Zikazuka shule za kutoa vyeti tu, bila madarasa ya maana, na gazeti la New York Times lilipozianika mwaka 2005 na 2006, NCAA ilichukua hatua. Kwa walioingia chuoni kuanzia Agosti 2007, masomo ya msingi yalipaswa kukamilika ndani ya miaka minne tangu darasa la tisa, na baada ya hapo somo moja tu liliruhusiwa kuongezwa.

Nia ilikuwa njema. Lakini maji yaliyozibwa huku yalitokea kule. Saa sasa iliwekwa kwenye mlango wa darasa la tisa, basi aliyetaka muda zaidi alilazimika kuutafuta kabla ya mlango huo. Uamuzi uliokuwa wa kijana wa miaka 18 ukawa wa mtoto wa miaka 13 au 14, na kwa kweli ukawa wa baba yake.

Wanaofanya hivyo hawakosei hesabu. Mwaka 1985 mwanasaikolojia wa Kanada, Roger Barnsley, na wenzake walionyesha kwamba wachezaji wa magongo ya barafuni waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka walikuwa wengi mno kwenye ligi za juu, kwa sababu tarehe ya kugawa umri ilikuwa 1 Januari. Miezi michache tu ya ukubwa utotoni huleta kocha bora, mechi nyingi na kujiamini. Sasa fikiria miezi 12. Nafasi zenyewe ni chache: kwa maelezo ya NCAA, takriban asilimia 2 tu ya wanamichezo wa sekondari hupata ufadhili wa michezo. Mwenye karo ya mwaka mzima akijisogeza mbele kwenye foleni hiyo, yupo asiye na karo anayesukumwa nyuma, na huyo wa pili mara nyingi ndiye aliyeuhitaji ufadhili.

Majimbo yamejaribu kuzuia. Mengi yana ukomo wa miaka 19 kwa michezo ya sekondari, na mzazi makini huhesabu miezi ili mwanawe abaki ndani yake. Texas imekwenda mbali zaidi: mwanafunzi aliyerudishwa darasa la saba au la nane kwa ajili ya michezo hupoteza mwaka wake wa nne wa kucheza sekondari. Naiheshimu kanuni hiyo, kwa kuwa inaondoa faida yenyewe, ingawa wa kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa michezo hana kazi rahisi.

Kisha ikaja korona. NCAA iliwapa wachezaji wa msimu wa 2020-21 mwaka mwingine, na vijana wa sekondari wakakuta nafasi zimekaliwa na watu wazima. New Jersey mwaka 2020 na Kentucky mwaka 2021 zilitunga sheria za kuruhusu mwaka wa ziada wa shule. Tangu uhamisho kati ya vyuo ulipolegezwa mwaka 2021, kocha anaweza kumchukua mchezaji wa miaka 22 aliyekwisha kupimwa, badala ya kumlea wa miaka 18.

Wenye kipaji kikubwa kabisa wanakwenda upande wa pili. Marvin Bagley mwaka 2017 na Cooper Flagg miaka michache baadaye walimaliza sekondari mwaka mmoja kabla ya wakati, wakapita Chuo Kikuu cha Duke kuelekea NBA, ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu. Wanaorudishwa nyuma ni wale wa katikati, wasio na uhakika.

Mfano bora wa kuzuia naupata katika mchezo wa lakrosi, ambako makocha walikuwa wakiwaahidi nafasi watoto wa darasa la nane na la tisa. Aprili 2017 NCAA iliwakataza kuzungumza na mchezaji kabla ya 1 Septemba ya mwaka wake wa tatu wa sekondari. Kanuni hiyo ilimbana kocha, anayegawa zawadi, ikamwacha mtoto. Ningependa kuiona ikiandikwa kwa ukali huohuo katika futiboli, ambako mtoto wa darasa la nane bado anaweza kuahidiwa nafasi kwa mdomo na chuo ambacho hatakiingia kwa miaka minne.