Vanishi ya picha za sanaa zilizochapwa kwa printa ya wino

Vanishi ya picha ni utando mwembamba wa laka au akriliki unaopulizwa au kupakwa kwa rola juu ya picha iliyochapwa kwa wino. Wauzaji huinadi kama kinga ya jua, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupotoshwa. Faida yake kubwa ni kuziba vinyweleo vya karatasi ili hewa isipenye, na kuukinga uso na mikwaruzo. Kwa hiyo mahali pake hasa ni kwenye picha itakayotundikwa bila kioo.

Ushahidi upo katika historia ya fani yenyewe. Mwanamuziki na mpigapicha Graham Nash alipoanzisha karakana ya uchapaji ya Nash Editions huko California mwaka 1991, alitumia printa ya Iris, ambayo wino wake uliyeyuka majini. Tone moja lilitosha kuharibu kazi. Karibu na mwaka 2000 zikaja karatasi zenye vinyweleo, zinazokauka papo hapo. Baadhi ya picha zilizochapwa juu yake zilibadilika kuwa za rangi ya chungwa ndani ya wiki chache, hata zilizokuwa mbali na dirisha, kwa sababu ozoni ya hewani ilikuwa ikila rangi ya samawati. Zilizowekwa nyuma ya kioo zilisalimika. Mwanga haukuwa mkosaji.

Wino wa pigmenti uliofuata huhimili mwanga na ozoni vizuri zaidi, lakini punje zake hukaa juujuu. Pitisha ukingo wa karatasi juu ya sehemu nyeusi ya picha isiyong'aa, na mstari wa kijivu utabaki. Turubai ina shida zaidi, maana huvutwa na kukunjwa kwenye pembe za fremu, na wino hupasuka pale pale kwenye mkunjo. Akriliki ya maji, inayonyumbulika, ndiyo dawa yake. Kabla ya kupaka, picha iachwe angalau siku nzima ili glikoli iliyomo kwenye wino iondoke, kisha mikono miwili au mitatu myepesi hushinda mmoja mzito. Laka ya kupuliza haipendi unyevu: ikipulizwa Mombasa au Zanzibar wakati wa masika, katika chumba kisichokaushwa hewa, inaweza kuacha ukungu mweupe.

Wahifadhi wa makumbusho wana pingamizi zito. Vanishi ya mchoro wa mafuta hukaa juu ya rangi iliyokauka, na inaweza kuondolewa. Ya picha iliyochapwa huzama ndani ya karatasi na haitoki bila kuijeruhi picha. Wana haki, na kazi inayokwenda makumbusho iachwe ilivyo, ilindwe kwa kioo kinachochuja urujuanimno. Lakini picha nyingi hutundikwa hotelini na sebuleni bila kioo, zikishikwa na kupanguswa vumbi, na huko mkwaruzo hauna tiba pia. Wapigapicha nao hulalamika kwamba vanishi hukoleza weusi na kuondoa ulaini wa karatasi isiyong'aa. Ni kweli, na zile zenye kichujio cha urujuanimno huzima pia ving'arishi vya karatasi, hivyo weupe wake huelekea umanjano. Jaribio kwenye kipande cha karatasi ile ile litaonyesha kama badiliko linavumilika. Aina ya vanishi na tarehe ya kupaka ziandikwe kwa penseli nyuma ya picha, kwa sababu mhifadhi wa kesho hawezi kuitambua kwa kuitazama tu.