Kamina: Kerezo la zamani na ordinatere yake, namna ya kuvitunza

Mu mji wa Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami, mambo ya vyuma yalikuja na reli. Njia ya kutoka Bukama mpaka Ilebo, zamani Port-Francqui, ilimalizika mwaka 1928 ikapita hapa. Mwaka 1956 tawi la Kabalo likaunganisha Kamina na upande wa Tanganyika. Penye njia panda ya treni hapakosi mafundi, na penye mafundi hapakosi mtu mwenye ateliye ndogo nyuma ya nyumba, anayefanya kazi ya chuma jioni juu anaipenda tu.

Mtu huyo iko na faida kuliko majirani wanavyofikiri. Ekseli ya mashini ya kusaga mahindi ikivunjika, ni mambo mawili: piyesi itafutwe ku Lubumbashi, karibu kilomita 600 kwa reli, ama ikerezwe hapa hapa. Wakati huo mama na beseni yake anangoja unga wa bukari.

Kerezo, ile mashini ambayo mafundi wanaita «tour», halizeeki kama ordinatere. Kitanda chake ni cha fonte. Lililotengenezwa miaka ya 1950 linaweza kukata mpaka sehemu ya mia ya milimita hata leo, kama reli zake za kuteleza hazijaliwa. Adui wa kwanza ni kutu. Mvua zikianza, karibu na mwezi wa kumi, reli zipanguswe na kupakwa mafuta kila jioni, hata kama mashini haikufanya kazi. Batri za gari zisikae mu chumba kimoja na kerezo: mvuke wa asidi unakula chuma kilicho wazi haraka kuliko mvua.

Adui wa pili ni mafuta mabaya. Wengi wanamimina mafuta yaliyotolewa ku motere ya gari, juu ni ya bure. Yale yamebeba unga wa chuma na asidi, kwa hiyo yanasugua badala ya kulainisha. Mafuta ya reli za kuteleza, namba 68, yakikosekana, mafuta ya idroliki ya namba hiyo hiyo yanasaidia. Tena mtu asipige hewa ya kompresa juu ya reli, inasukuma mchanga ndani. Brashi inatosha.

Kuna jambo la vipimo ambalo linaumiza vichwa. Mashini za Ulaya bara kwa kawaida zinakata nyuzi za skrubu kwa milimita. Za Marekani na nyingi za zamani za Uingereza zinakata kwa inchi. Kerezo la inchi linaweza kukata nyuzi za milimita kama likipewa gia ya meno 127. Hesabu yake ni hii: inchi moja ni milimita 25.4, na 25.4 mara tano ni 127 kamili. Anayenunua kerezo la inchi bila gia hiyo aulize kwanza kama imepotea. Kuitengeneza ni kazi ya siku nyingi.

Umeme ndiyo shida kubwa. Mashini nyingi za zamani zina motere ya fazi tatu, na nyumba nyingi zina fazi moja ya volti 220. Hapa kibao kidogo ku motere ndicho kinaamua. Kikisema 220/380, variatere inayopokea fazi moja ya 220 itaizungusha vizuri, ila waya za ndani zifungwe kwa pembetatu. Kikisema 380/660, variatere hiyo haifai. Njia ya bei ndogo ni kondensatere, kama mikrofaradi 70 kwa kila kilowati, lakini motere inapoteza nguvu nyingi, na kondensatere iwe ya kufanya kazi bila kusimama, si ile ya kuwashia tu. Motere ikipata moto sana ku mkono, isimamishwe.

Sasa ordinatere. Wenye mashini inayoongozwa na programu, kama fraisi ndogo, mara nyingi wanategemea ordinatere ya Windows XP na tundu pana la printa, lile la pini 25. Watu wanasema: «Ile ni ya zamani, tupa tu.» Kuitupa ni kosa. Programu ya Mach3, ikitumia tundu hilo, inataka Windows ya biti 32. Waya ya USB inayogeuzwa kuwa tundu la printa haisaidii, juu ilitengenezwa kwa kuchapa karatasi, si kwa kutuma mapigo ya haraka yenye wakati sawasawa. Laptopu nayo inajipunguzia nguvu yenyewe, na motere inaruka hatua katikati ya kazi.

Microsoft iliacha kuitunza Windows XP tarehe 8 Aprili 2014. Haina maana kwamba imekufa; maana yake isiunganishwe ku intaneti. Virusi vinakuja zaidi na fleshi ya cyber, kwa hiyo ateliye iwe na fleshi yake moja ambayo haizunguki.

Kinachoua mashini hizi kweli ni diski. Diski ya miaka ishirini inakufa bila kuaga, na ndani yake kuna mipangilio ambayo hakuna mtu aliyeiandika. Kabla ya siku hiyo, diski nzima inakiliwe ku diski ya pili, na diski hiyo ijaribiwe kwa kuwasha nayo ordinatere, juu nakala ambayo haijajaribiwa ni matumaini tu. Mafaili ya XML ya Mach3 na lile la leseni, Mach1Lic.dat, yawekwe pia mahali pengine: bila leseni programu inakubali mistari 500 tu. Namba za kila ekseli ziandikwe ku daftari, na waya zote zipigwe picha.

Batri ya duara CR2032 ibadilishwe kabla haijaisha. Ikikauka, ordinatere inasahau tarehe na namna tundu la printa lilivyopangwa, na fundi anaweza kutafuta kosa ku motere siku mbili nzima. Ku kadi mama za miaka ya 2000 kondensatere zilizovimba kichwa zinaonekana kwa macho, na mwenye chuma cha kuchomea anazibadilisha mwenyewe. Ondulere ni ya lazima, juu umeme ukikatika katikati ya kuandika diski ndipo uharibifu unaanza.

Kwa anayeanza upya iko LinuxCNC, programu ya bure iliyotokana na kazi ya taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, NIST, miaka ya 1990. Inatumia tundu lile lile la zamani, na iko na kipimo chake cha kuonyesha kama ordinatere inachelewa kutuma mapigo. Kipimo hicho kiachwe kizunguke muda mrefu, na programu nyingine zikiwa zimefunguliwa. Dakika mbili hazionyeshi kitu.