Injini ya Mashindano Iliyoanguka Tabora

Tarehe 9 Oktoba 1917 askari wa Kibelgiji waliingia Mahenge, kituo kikuu cha mwisho cha Wajerumani katika nchi yetu ya Ulanga na Kilombero. Walifika kwa miguu. Bonde halikuwa na barabara ya gari. Masika yalifunika tambarare kwa maji, mbung'o waliua wanyama wa kukokota, na mto Kilombero ulivukwa kwa mitumbwi. Risasi, unga na dawa vilisafiri vichwani mwa watu. Kwa upande wa Waingereza peke yao, vita vya Afrika Mashariki vilitumia wapagazi karibu milioni moja, na makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa.

Miaka hiyohiyo, mjini Derby, Uingereza, mafundi wa Rolls-Royce walikuwa wakitengeneza injini ya ndege iliyoitwa Eagle. Haikuwahi kumpunguzia mzigo mpagazi wa Kilombero. Lakini vita vilipokwisha ilikuja Tanganyika, na chimbuko lake lilikuwa kwa sehemu kubwa katika mbio za magari.

Kisa kinaanzia Lyon, Ufaransa, tarehe 4 Julai 1914. Katika mashindano makubwa ya magari ya nchi hiyo, Mercedes ya Ujerumani ilichukua nafasi tatu za kwanza: Christian Lautenschlager mbele, akifuatiwa na Louis Wagner na Otto Salzer. Wafaransa waliokuja kuishangilia Peugeot waliondoka vichwa chini. Mwezi mmoja baadaye Ulaya ilikuwa vitani, na gari moja la aina ile lilikuwa bado limesimama katika duka la Mercedes mtaa wa Long Acre, London.

Aliyelikumbuka gari hilo ni W. O. Bentley, fundi kijana na dereva wa mashindano, ambaye baadaye jina lake lingebandikwa kwenye magari ya kifahari. Kwa msukumo wake wakuu wa kikosi cha anga cha wanamaji walilitwaa gari, wakalipeleka Derby, na huko injini ikashushwa na kufunguliwa yote. Ndani walikuta mambo ya kujifunza. Injini nyingi za wakati ule zilikuwa na silinda za chuma cha kusubu, nene na nzito. Mercedes ilikuwa na silinda za chuma cha pua, kila moja peke yake, zimezungushiwa bati jembamba lililochomelewa ili maji ya kupozea yapite katikati. Vali zilikaa juu ya silinda, zikisukumwa na shafti iliyolala juu yake. Matokeo yalikuwa injini nyepesi, yenye mzunguko wa kasi, iliyoweza kukimbizwa saa nyingi bila kupasuka. Mhandisi wa ndege hatafuti zaidi ya hayo.

Haki itendeke kwa Wajerumani: wao wenyewe walikuwa wameutoa ujenzi huo wa silinda kwenye injini zao za ndege na kuupeleka kwenye gari la mbio. Ujuzi ulikwenda na kurudi, na kila safari uliongezeka.

Bentley alileta na jambo la pili, ambalo kwangu ni zito kuliko la kwanza kwa sababu lilikuwa la kwake. Mwaka 1913 alianza kufunga pistoni za alumini iliyochanganywa na shaba katika magari ya DFP aliyokuwa akiyauza na kushindana nayo. Pistoni ya chuma ni nzito na hukaa na joto. Ya alumini ni nyepesi na hulitoa joto upesi kwenda kwenye ukuta wa silinda, kwa hiyo injini huvumilia mzunguko mkubwa zaidi. Wengi walidhani ingeyeyuka. Bentley alikuwa ameshaijaribu kwenye mbio, akawafungulia wakuu wa jeshi siri aliyokuwa akiwashindia wenzake. Rolls-Royce waliitumia katika Eagle.

Injini hiyo ya silinda 12 na ujazo wa lita 20 ilinguruma kwa mara ya kwanza mwaka 1915 ikiwa na nguvu za farasi 225. Hadi vita vinakwisha, toleo la nane lilikuwa limefika 360. Mbili za toleo hilo zilifungwa katika ndege ya Vickers Vimy iliyowavusha Alcock na Brown bahari ya Atlantiki bila kutua, Juni 1919.

Kisha ikaja zamu ya Afrika. Tarehe 24 Januari 1920 Vimy nyingine, iliyogharimiwa na gazeti la The Times, iliondoka Brooklands kuelekea Cape Town. Brooklands, karibu na London, ulikuwa uwanja wa kwanza duniani kujengwa mahususi kwa mbio za magari, uliofunguliwa mwaka 1907. Vickers walitengenezea ndege zao hapohapo. Marubani walikuwa Cockerell na Broome, na abiria wao Peter Chalmers Mitchell, katibu wa chama cha elimu ya wanyama cha London. Njia ilikuwa imetayarishwa mwaka uliotangulia: viwanja vilisafishwa toka Misri hadi kusini, na wenyeji ndio waliokata miti na kuchimbua vichuguu. Kilometa kwa kilometa, jasho la jembe lilitangulia injini.

Tarehe 27 Februari ndege hiyo ilianguka Tabora ilipokuwa ikijaribu kuruka. Hakuna aliyekufa, lakini safari iliishia hapo. Injini zilikuwa zimesumbua tangu njiani, na Tabora haisamehe injini iliyochoka. Mji uko kiasi cha meta 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi yenye joto huinyima injini pumzi na bawa nguvu ya kunyanyua. Ndege ya marubani wengine waliokuwa wakielekea Cape Town, Van Ryneveld na Brand, Vimy pia, ilivuka Tanganyika siku chache baadaye, nayo ikavunjikia Bulawayo tarehe 6 Machi. Wao walifika Cape Town kwa ndege nyingine.

Njia kati ya gereji ya mbio na kazi nyingine haijafungwa. Mwaka 1981 McLaren walileta mashindanoni gari lenye bodi ya nyuzi za kaboni, wakisaidiwa na kampuni ya Marekani iliyozoea kazi za makombora. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipobana, wahandisi wa injini za mbio wa Mercedes na chuo kikuu cha UCL cha London walikifungua kifaa cha zamani cha kusaidia kupumua, wakakichora upya, na chini ya saa 100 tangu kikao cha kwanza wakawa na chao. Ni kazi ileile ya Derby ya 1914: shusha, fungua, elewa, boresha.

Sisi tunayo mifano yetu. Jeshi lilianzisha kituo cha Nyumbu kule Kibaha, likaunda lori la Kitanzania lenye jina hilo. Hapa bondeni, Mang'ula, Wachina waliweka karakana ya kujengea reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976. Baada ya reli, karakana ikawa kiwanda cha zana na mashine, yaani ujuzi wa kazi moja ukahamia nyingine. Kiwanda hicho kilibinafsishwa baadaye na uzalishaji ukafifia, na hiyo ni hasara ninayoiona kubwa kuliko kuanguka kwa ndege yoyote, kwa kuwa ndege ya Tabora ilipoanguka mafundi wa Derby walibaki kazini.

Ifakara leo ina mafundi wanaofungua injini za bodaboda, trekta na pampu za mashamba ya mpunga kila siku. Wamejua matope ya bonde hili yanakula nini kwanza na spea ipi hudumu. Serikali inapopanga kufufua Mang'ula, iwaite mafundi hao tangu mwanzo, iwalipe, na iandike wanayoyajua, kama jeshi la wanamaji lilivyomsikiliza muuza magari mwenye pistoni ya alumini mkononi.