Msumeno wa Moto na Mafundi wa Pembezoni mwa Mji

Mji wa Dar es Salaam, tangu Sayyid Majid bin Said alipoazimu kujijengea makao ya bara katika miaka ya 1860, umekuwa mlaji mkubwa wa miti; na ingawa wanahistoria wameandika mengi mintarafu ya bandari yake, reli yake na siasa yake, ni akali sana miongoni mwao waliokaa kitako kueleza habari za msumeno ulioukatia mji huo boriti, makenchi, milango na vitanda, wala za mafundi ambao, mashine zilipoharibika na vipuri visipatikane, walizifufua kwa viungo vya mashine nyingine zilizokwisha kutupwa.

Kabla ya msumeno wa moto kufika, kazi yote ilikuwa ya mikono. Mikoko ya delta ya Rufiji ilikatwa kwa shoka, ikapakiwa majahazini, na pepo za kusi zikaipeleka Uarabuni na Ghuba ya Uajemi, ambako urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Mivule, mikongo na mininga, nayo, ilipasuliwa mumo humo msituni ilimoangushwa, gogo likalazwa juu ya shimo au jukwaa, uzi uliochovywa masizi ukavutwa na kuachiwa upige mstari, kisha mtu mmoja akasimama juu ya gogo kuuongoza msumeno usiuache mstari ule, na mwenziwe akakaa chini akivuta na kupokea unga wa mbao usoni tangu asubuhi hata alasiri. Wajerumani, ambao mwaka 1898 walipanda misaji ya kwanza Dar es Salaam na Mhoro huko Rufiji, walijenga viwanda vya kupasulia mbao katika milima ya Usambara, lakini mkataji aliyeingia porini alibaki na shoka lake na msumeno wake wa kuvutana wawili, na hali hiyo ikaendelea zama zote za Waingereza pasipo mabadiliko makubwa.

Msumeno wa moto wenyewe ni mzaliwa wa karne ya 20. Andreas Stihl, mhandisi wa Kijerumani, alianza kuunda misumeno ya mnyororo yenye kwenda kwa umeme huko Stuttgart mwaka 1926, na miaka mitatu baadaye akatoa wa petroli, uliokuwa na nguvu za farasi 6 na uzito wa kilo 46, hata ukahitaji watu wawili kuushika. Ilipofika mwaka 1959 kampuni yake iliuza msumeno ulioitwa Contra, wenye nguvu zile zile lakini uzito wa kilo 12 tu, hata mtu mmoja akaweza kuutia begani na kuingia nao msituni peke yake. Mnyororo nao una kisa chake: yasemekana kwamba Joseph Cox, mkata magogo wa Oregon nchini Marekani, alimtazama buu akitafuna kisiki kwa kwenda kushoto na kulia, naye mwaka 1947 akatengeneza meno ya mnyororo yenye kuiga mwendo huo. Kisa hiki hupendwa mno na wauzaji wa minyororo, na kwa hiyo nakipokea kwa hadhari. Ila ubora wa mnyororo wake hauna shaka.

Huku kwetu misumeno hiyo haikuja kama mali ya mtu binafsi. Iliingia kwa mikono ya makampuni ya mbao, ya mashamba ya miti ya serikali kama lile la Sao Hill huko Mufindi, na, baada ya Azimio la Arusha, ya mashirika ya umma, ambayo kwa upande wa mbao yaliwekwa chini ya shirika la TWICO lililoundwa mwaka 1971. Mashine ilikuwa na daftari lake, stoo yake na fundi wake mwenye mshahara, na kipuri kilipohitajika kiliagizwa Ulaya kwa karatasi zenye mihuri. Utaratibu huo ulikuwa mzuri maadam fedha za kigeni zilikuwapo. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979, na vita vya Kagera vikaja katikati, fedha hizo zikaadimika kabisa, na msumeno wenye thamani kubwa ukalala stoo mwaka mzima kwa kukosa kiwambo cha mpira cha kabureta, kitu chepesi kiasi cha kupeperushwa na pumzi. Wasomaji wenye umri watakumbuka kwamba miaka hiyo hata sabuni ilipangiwa foleni. Basi nani angetoa dola kwa ajili ya ringi ya pistoni?

Hapo ndipo ilipozaliwa, au tuseme ndipo ilipokomaa, elimu ambayo haikuandikwa katika mtaala wowote. Serikali ilikuwa imeunda SIDO mwaka 1973 ili kukuza viwanda vidogo, na hilo lilikuwa jema; lakini madarasa makubwa zaidi yalikuwa Gerezani, pale Kariakoo, penye vyuma chakavu na mafundi wa kila namna, na katika vitongoji vya Temeke na Kinondoni, ambavyo Waingereza walikuwa wamevipima viwanja kwa ajili ya Waafrika na ambavyo nyua zake zilikuwa na kivuli cha mwembe na nafasi ya kutandaza gunia la zana. Keko, penye maseremala wengi wa samani, palikuwa na haja ya mbao kila siku, na penye haja ya mbao hapakosi haja ya msumeno. Kisha, katika miaka ya 1990, mashirika mengi ya umma yalipouzwa au kufungwa, mali zake zikanadiwa, na mashine zilizokuwa zimefia katika mastoo zikaingia mitaani kwa bei ya chuma. Gereji bubu, ambazo maofisa wa manispaa hawakuchoka kuzifukuza, ndizo zilizoirithi mali hiyo.

Ningependa kukaa kidogo juu ya kazi yenyewe, kwa kuwa wengi huidhani ni ya kubahatisha, ilhali ina kanuni. Fundi aletewapo msumeno wa zamani, tuseme Stihl 070, ambao silinda yake ina ujazo wa karibu sentimita za ujazo 106 na ambao bado waonekana katika Afrika na Asia, havuti kamba kwanza. Hufungua plagi na kuangalia rangi ya ncha yake, hutoa egzosi na kuchungulia ubavu wa pistoni kwa tochi, kwani mikwaruzo ya hapo humweleza maradhi kabla hajauliza mgonjwa alikulaje: mikwaruzo ikiwa pande zote, mwenyewe alitia petroli bila oili ya kutosha, na ikiwa oili ilitiwa sawasawa lakini pistoni imeungua, basi aghalabu oilisili za kranki zimechakaa, hewa yapenya, na injini hunywa upepo mwingi kuliko unaotakiwa. Fundi asiyelijua hili hubadili pistoni, mwenye msumeno akaondoka kwa furaha, akarudi baada ya wiki na pistoni mpya iliyoungua vile vile.

Beringi na oilisili ndizo zinazomfaa fundi wa vyuma chakavu kuliko kitu chochote, kwa sababu hazikuumbwa kwa mashine moja. Beringi yenye namba 6202 ina tundu la milimita 15, kipenyo cha nje cha milimita 35 na unene wa milimita 11, ikiwa imetoka katika pikipiki, pampu ya maji au mota ya umeme, ikiwa imetengenezwa Ujerumani, Japani au China. Kwa hiyo fundi aliyehifadhi namba hizo moyoni hahitaji wakala wala katalogi, bali huenda dukani, au kwenye rundo la vyuma, akachagua. Moto nao una njia zake. Misumeno ya zamani huwashwa kwa platini, na platini husuguliwa kwa msasa laini ikarudi kung'aa. Kondensa ikifa, ya pikipiki ya zamani hufanya kazi ile ile hata ikibidi ifungwe kwa waya nje ya mahali pake. Gasketi hukatwa kwa karatasi nzito, kamba ya kuvutia hupatikana kokote ziuzwapo kamba za nailoni, na palipoliwa na kutu mkerezaji hujaza kwa kulehemu kisha akakereza hadi vania imwambie basi. Kisichoigizika ni vitu viwili: silinda yenye ganda la kromu, ambayo likibanduka limebanduka, na kile kiwambo cha kabureta. Hivyo ndivyo vinavyoamua ni misumeno mingapi itatolewa mhanga ili mmoja ulie.

Sasa, si haki kumsifu fundi tukaficha alichokifufua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 na Antje Ahrends na wenziwe ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1991 na 2005 ukataji wa miti ya thamani ulisogea kutoka Dar es Salaam kama wimbi, kwa kiasi cha kilomita 9 kila mwaka, na wimbi la mkaa likafuata nyuma yake kwa kilomita 2 kila mwaka. Na daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya mto Rufiji mwaka 2003, njia ya kwenda kwenye mikongo ya kusini ikawa nyeupe. Kusema kwamba fundi hana dhima kwa kuwa hakuangusha mti ni udhuru mwepesi. Lakini kusema kwamba yeye ndiye chanzo ni dhuluma, maana mji uliotaka milango ya mninga ungeipata hata kwa shoka, na leo misumeno mingi iliyofufuliwa haiendi msituni, bali hukata miembe na minazi ya Mbagala na Mbezi, penye kiwanja kinachosubiri nyumba.

Ombi langu ni moja, nalo nawaelekezea wasimamizi wa Kijiji cha Makumbusho, kilichoko humo humo Kinondoni na kilichoanzishwa mwaka 1967 ili kuhifadhi nyumba na sanaa za makabila yetu. Mafundi waliojifunza kazi hii zama za uhaba sasa ni wazee, na misumeno mipya yenye moto wa kielektroniki haina platini ya kusugua. Na aitwe mmoja wao, apewe kivuli na gunia la kutandaza, afungue msumeno mmoja wa zamani mbele ya mwandishi mwenye kalamu, ataje jina la kila kipuri kama wanavyolitaja wenyewe na mashine gani nyingine yaweza kukitoa, kisha aufunge tena na kuuwasha.