Unyambuaji wa vitenzi vya Kijapani

Ni ubadilishaji wa mwisho wa kitenzi cha Kijapani ili kuonyesha wakati, ukanushi, heshima au kauli. Kwa kijana wa Kigali anayejiandaa kwenda kusoma Japani, kwa mfano kupitia mpango wa Japani wa ufadhili wa masomo uitwao ABE, uliotangazwa mwaka 2013, mshangao wa kwanza ni kile kisichokuwapo: nafsi. Kinyarwanda husema ndandika, urandika, arandika. Kijapani husema kaku (kuandika) tu, awe mimi, wewe au yeye.

Makundi makuu ni mawili, mbali na vitenzi viwili vikaidi, suru (kufanya) na kuru (kuja). Katika kundi moja, taberu (kula) hudondosha -ru: tabemasu kwa heshima, tabenai kwa kukanusha, tabeta kwa wakati uliopita. Katika kundi jingine, kaku huchezesha irabu: kakimasu, kakanai, kisha kaita, ambapo k ya pili humezwa. Mtego ni kaeru: kikimaanisha kurudi huwa kaerimasu, kikimaanisha kubadilisha huwa kaemasu. Hapo hakuna ujanja ila kukariri.

Kwenye kauli, Mnyarwanda yuko nyumbani. Kwandika huzaa kwandikisha na kwandikwa. Kaku huzaa kakaseru na kakareru. Viambishi hata hufuatana kama vya Kinyarwanda, cha kutendesha kwanza, cha kutendwa baadaye: kakaserareru, yaani kuandikishwa.

Vitabu vingi vya wanaoanza hutanguliza umbo la -masu, kwa kuwa ukanushi wake ni -masen na wakati uliopita ni -mashita, kwa vitenzi vyote.