Mzigo wa Frasila Mbili

Mwaka 1978, kisiwani Oahu, Hawaii, watu 15 walianza shindano jipya: kuogelea karibu kilomita 4, kuendesha baiskeli kilomita 180, kisha kukimbia marathoni nzima, yote siku moja. Waliomaliza ni 12. Kila mshiriki alikuja na wasaidizi wake. Wasaidizi wa John Dunbar, aliyeshika nafasi ya pili, waliishiwa maji njiani, wakampa bia. Kisa hicho huchekesha hadi leo, lakini kina funzo: safari ndefu huamuliwa kabla ya kuanza, wakati wa kufungasha.

Watu wa pwani ya Tanga walilijua hilo zamani. Ukitoka Mwera kwenda kaskazini, ukavuka mto pale Bweni, unaingia mji wa Pangani. Katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu ilianzia hapo, ikafuata bonde la mto kuelekea Kilimanjaro na nchi ya Wamaasai. Ilikuwa safari ya miezi mingi, kwa miguu, na mzigo kichwani au begani.

Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Kabla ya safari, merikani na kaniki zilikunjwa na kufungwa mitumba, shanga zikatiwa mifukoni, nyaya zikaviringishwa. Hivyo ndivyo vilivyonunua chakula njiani, kwa hiyo kosa katika kuvichagua lilikuwa njaa. Rangi ya shanga iliyopendwa hapa ilikataliwa kwingine. Joseph Thomson alipofika Taveta mwaka 1883 aliambiwa kwamba Wamaasai hawapokei shanga ila zimetungwa kwa urefu wao wenyewe. Watu wake wakakaa chini kutunga upya maelfu ya nyuzi.

Ujuzi wa namna hiyo ulikuwa vichwani mwa watu kama Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe wa Pangani. Alisafiri na Thomson. Na mwanzoni mwa 1887, Count Teleki na Ludwig von Höhnel walipojiandaa Pangani kwenda kaskazini, yeye ndiye waliyemtegemea kuwaongoza.

Mpagazi naye alikuwa na maandalizi yake. Alipokea sehemu ya ujira mapema, akawaachia wa nyumbani, akalipa madeni, akaaga. Wengine walichukua fedha wakatoweka. Ndiyo maana siku ya kwanza msafara haukwenda mbali. Stanley alipoondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871, kambi yake ya kwanza, Shamba Gonera, ilikuwa kama kilomita 5 tu kutoka mjini. Kambi hiyo ya karibu ilikuwa na kazi yake: mzigo uliokaa vibaya ulifungwa upya, kilichosahaulika kilifuatwa, waliochelewa walisubiriwa, watoro walihesabiwa. Usiku ule mtu alikuwa bado anaweza kurudi kwao. Asubuhi ya pili, njia ilikuwa imeanza kweli.

Ungedhani basi kwamba mpagazi na mwanamichezo wa leo, anayekagua matairi na kupanga chupa zake za maji usiku wa mwisho, ni ndugu. Wasiwasi wao unafanana: kugusa kila kitu mara mbili, kulala usingizi wa mang'amung'amu. Lakini kuna tofauti.

Machi 1888 msafara wa Teleki ulifika kwenye ziwa ambalo leo tunaliita Turkana. Wageni wakalipa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wao. Katika nchi ile kavu chakula kilikuwa haba, na wapagazi kadhaa walikufa safarini. Teleki mwenyewe alikonda sana. Lakini yeye ndiye aliyeamua waende wapi na kwa akiba gani, na kitabu cha safari kikabeba jina lake.

Dunbar alipokosa maji, kiu ilikuwa yake, na shindano alilichagua mwenyewe. Katika misafara ya Pangani, aliyekadiria chakula alikuwa mtu mmoja, na aliyelala njaa chini ya frasila mbili alikuwa mwingine.